Hofu ni Bawabu, si Kadhi



Mtoto wa pwani humjua papa kabla ya kumjua simba. Humjua kwanza kwa pua, pale papa mkavu anapotiwa katika tui la nazi. Kisha humjua kwa sikio, pale mama anapomkanya asiende maji mengi. Kwa hiyo sote tumekua na papa wawili: mmoja wa chungu, tumlaye, na mmoja wa hadithi, atulaye. Mwezi huu tumeazimia kuwazungumzieni yule wa pili, na hasa mkubwa wa ukoo wake, papa mweupe, pamoja na watu wanaoshuka chini ya bahari kumtazama kwa macho yao. Hatukusudii kuwatisha watoto, wala kuwapumbaza vijana kwa mambo ya ajabu tu. Katika habari zake mna funzo linalohitajiwa na kila nyumba, nalo ni kujua hofu yafaa kwa kazi gani, na haifai kwa kazi gani.

Na tuanze na kisa cha mtu mmoja wa Australia, jina lake Rodney Fox. Tarehe 8 Desemba 1963, akiwa kijana wa miaka 23, alikuwa katika mashindano ya kuvua samaki kwa mkuki chini ya maji, katika pwani ya Aldinga, kusini ya mji wa Adelaide. Katika mashindano hayo hapakutumiwa mtungi wa hewa. Mvuvi huvuta pumzi juu, akazama, akachoma samaki, akapanda. Samaki wake huwatunga katika kamba iendayo kwenye boya linaloelea, na kamba hiyo huwa imefungwa kiunoni mwake. Hebu fikiri, ndugu msomaji: watu wengi wamekuwa majini tangu asubuhi, na kila mmoja anaburura nyuma yake samaki wanaotoka damu.

Alikuwa amekwisha kumlenga samaki mmoja, mara akapigwa dharuba kubwa ubavuni. Mkuki ukamtoka mkononi na miwani ya maji ikamtoka usoni. Papa mweupe alikuwa amemkamata kifua na mgongo katika kinywa chake. Fox akamtafuta macho kwa vidole, na papa akalegeza taya. Lakini mkono wa kijana ukaingia katika meno, akauchomoa ukiwa umechanika. Akaona hana la kufanya ila kumkumbatia mnyama yule, asimpe nafasi ya kumwuma mara ya pili. Pumzi ilipomwishia akamwachia akapanda juu. Alipotazama chini aliona maji yamekuwa mekundu, na kinywa kinamjia. Papa hakumshika yeye tena, bali alishika kile kilichofungwa kambani, akamzamisha pamoja nacho. Kisha kamba ikakatika.

Mashua ilikuwa karibu, wakampakia. Mbavu zilikuwa zimevunjika na pafu limetoboka, na lau si nguo ya mpira iliyombana mwili, matumbo yake yasingekaa mahali pake. Waganga walimshona mishono kwa mamia, naye akapona.

Wahenga wetu walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi yatarajiwa kwamba mtu huyu angeishi maisha yake yote mbali na maji ya chumvi, au kwamba angetafuta silaha awaue papa wote awawezao, na hapana ambaye angemlaumu. Lakini hakufanya moja wala la pili. Baada ya miezi michache alirudi majini, na alirudi akiwa na swali: ni mnyama gani huyu aliyeniuma, na kwa nini alinitema? Siku moja, akiwatazama simba katika bustani ya wanyama, lilimjia wazo la kuugeuza mpango ule. Baharini mnyama na awe huru, na mtu ndiye aingie kizimbani. Akaunda kizimba cha vyuma, na mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza waliokwenda kumtafuta papa mweupe ili wampige picha akiwa hai ndani ya maji yake.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Hofu ni bawabu mwema. Bawabu akisikia mchakacho mlangoni hupaza sauti, na hiyo ndiyo kazi anayolipwa ujira wake. Mtu asiye na bawabu huyu moyoni haishi sana. Walakini bawabu hakalii kiti cha kadhi. Hana haki ya kuhukumu, kwani yeye amesikia mchakacho tu, hakusikia maneno ya pande mbili.

Tazama ilivyokuwa pale ulimwengu ulipomkalisha bawabu katika kiti cha hukumu. Mwaka 1974 mwandishi wa Marekani, Peter Benchley, alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho Jaws, habari za papa mweupe anayewala watu wa mji mmoja wa pwani. Na mwaka 1975 ikatoka sinema yake. Picha za papa wa kweli zilizomo zilipigwa kusini ya Australia, na Fox mwenyewe alisaidia. Lakini papa wa kweli hakuwa mkubwa kama yule wa hadithi. Wakafanya hila: wakaunda kizimba kidogo kuliko cha kawaida, wakamtafuta mtu mfupi wa kuingia ndani, ili papa aonekane jitu. Mamilioni ya watu walitoka katika majumba ya sinema wakiamini waliyoyaona. Baada ya hapo papa wakawindwa sana, na aliyemwua alipigwa picha amesimama karibu na mzoga kama aliyeuokoa mji. Benchley aliyaona hayo, akajuta, na miaka yake ya mwisho, mpaka alipofariki mwaka 2006, aliitumia kuwatetea papa. Ni jambo la kuheshimiwa mtu kurudi akaurekebisha ushahidi wake. Ila neno likiisha kutoka lina mbio kuliko mwenyewe alirudishaye.

Sasa na tufanye kama afanyavyo kadhi, tusikilize upande wa pili.

Papa mweupe hana weupe ila tumboni. Mgongo wake ni wa kijivujivu, hata amtazamaye kutoka juu humchanganya na kiza cha bahari, na amtazamaye kutoka chini humchanganya na nuru ya mbingu. Jike mzima aweza kufika urefu wa mita 6 na uzito wa tani 2. Puani mwake mna vitundu vidogo vilivyojaa ute, ambavyo kwavyo huhisi umeme hafifu utokao katika misuli ya kila kiumbe kilicho karibu naye. Samaki wengi hawana joto kuliko maji wanamoishi, lakini huyu huhifadhi joto lake mwenyewe. Mishipa yake imepangwa ubavu kwa ubavu, hata damu ya moto itokayo katika misuli humwachia joto lake damu ya baridi itokayo katika matamvua. Ndiyo sababu aweza kwenda mbio katika maji baridi ambamo wengine huwa wazito. Akiwa mdogo chakula chake ni samaki. Akiisha kupita urefu wa mita 3 hivi huanza kuwawinda sili, ambao mafuta yao ni mengi.

Nyama ya mwanadamu si miongoni mwa vyakula vyake vya desturi. Papa hana mkono wa kupapasia kitu asichokijua. Akitaka kujua, hutumia kinywa. Wengi walioumwa naye waliumwa mara moja, kisha wakaachwa. Hayo ni faraja ndogo kwa mwenye kuumwa, kwani jino lake ni pembetatu lenye kingo mfano wa msumeno, na pigo moja latosha kumwaga damu ya mtu. Hatusemi, basi, kwamba papa ni mpole, anaua. Ila kuua kwa kukosea ni jambo moja, na kuandama watu kwa chuki, kama ilivyosimuliwa katika sinema, ni jambo jingine.

Tuwageukie sasa wale wanaoshuka na mtungi wa hewa mgongoni. Chombo kinachompa mtu pumzi kwa kadiri ya uzito wa maji yanayomzunguka kilitengenezwa Ufaransa mwaka 1943 na Jacques-Yves Cousteau pamoja na mhandisi Émile Gagnan. Kabla yake mtu alikuwa mgeni wa dakika moja baharini. Baada yake akawa mgeni wa saa nzima. Na wageni hawa waligundua jambo ambalo hadithi hazikulisema, nalo ni uchache wa papa mweupe. Mwaka 1969 kundi moja la wapigambizi na wapiga picha walitoka Durban wakazunguka Bahari ya Hindi, wakafika Ngazija na visiwa jirani, na hata Sri Lanka, wakimtafuta. Papa wa aina nyingine waliwaona kwa makundi, lakini papa mweupe hawakumwona hata mmoja, mpaka walipokwenda kusini ya Australia na kuongozwa na Rodney Fox. Sinema yao, Blue Water, White Death, ilitoka mwaka 1971. Mnyama tuliyeambiwa kwamba anatungojea kila ufuo ilibidi atafutwe kwa miezi mingi, kutoka bahari hata bahari!

Mahali anapotazamwa zaidi huko Australia ni Visiwa vya Neptune, kusini ya mji wa Port Lincoln, penye sili wengi. Wapigambizi huingia kizimbani, wengine karibu na uso wa maji, wengine wakateremshwa mpaka chini kabisa. Maji ni baridi na yana ukungu. Husimulia kwamba kinachowashangaza kwanza si meno, bali ukimya. Papa hatangazi kuja kwake. Palipokuwa na ukungu huonekana kivuli, na kivuli huwa mnyama, naye huzunguka polepole bila kutikisa ila mkia, akigeuza jicho kumtazama mtu aliye ndani ya vyuma. Wengi waliokwenda wakiwa na hofu hurudi na heshima, na hayo mawili si kitu kimoja.

Je, mpigambizi akikutana naye pasipo kizimba? Ni jambo la nadra sana, lakini waliobobea huusia hivi. Asitapetape wala asikimbie, kwani kitu kinachokimbia ndicho kinachofukuzwa. Asimpe mgongo, amkabili na kumtazama, maana papa huyu hupenda kuvamia kutoka chini na kutoka nyuma. Akaribiane na wenziwe, na kama pana mwamba aegemeze mgongo wake hapo. Kama ana samaki aliowachoma, awaachilie. Kisha apande taratibu.

Neno hili la mwisho, vijana wetu, litieni moyoni. Katika kina cha mita 10, mgandamizo ni maradufu ya ule ulioko juu. Mtu aliyejaza mapafu hewa huko, akiizuia kwa hofu na kupanda mbio, hewa hiyo hutanuka mpaka ikawa mara mbili, na kifua hakina nafasi ya kuichukua, mapafu hupasuka. Tena gesi iliyoyeyuka katika damu hutoka kwa mapovu, mfano wa soda inapofunguliwa, ikaleta maumivu makali na pengine kupooza. Ndiyo maana wapigambizi hufundishwa wasizuie pumzi kamwe, wasipande zaidi ya mita 9 au 10 kwa dakika, na wapumzike dakika 3 wakiwa mita 5 chini ya uso wa maji. Basi yawezekana mtu kuuawa na papa ambaye hakumgusa hata kwa ncha ya pezi. Bawabu alipaza sauti, naye mwenye nyumba akajitupa dirishani.

Wala tusidhani kwamba kizimba kimemaliza kila tatizo. Ili papa aje, aghalabu hutupiwa damu na vichwa vya samaki, na wako wanaosema kwamba kwa kufanya hivyo anafundishwa kuifuata mashua. Wengine hujibu kwamba mtu aliyemwona akiwa hai ndiye atakayemtetea. Kila upande una hoja. Katika kisiwa cha Guadalupe, huko Meksiko, mwaka 2016 papa aliyefukuza chambo aliingia ndani ya kizimba chenye mtu. Kwa kuwa hawezi kurudi kinyumenyume, alivunjavunja mpaka akapata pa kutokea, na mpigambizi akatoka salama. Mwaka 2019 papa mwingine alinasa kichwa baina ya vyuma vya kizimba, akahangaika mpaka akafa. Mwaka 2023 serikali ya Meksiko ikayapiga marufuku matembezi hayo. Huko Australia yanaruhusiwa kwa leseni, na siku za kutupa chambo zimewekewa mipaka. Hata udadisi, basi, wahitaji adabu. Mgeni hana ruhusa ya kuvunja nyumba kwa sababu amekuja kuisifu.

Huenda msomaji akauliza, je, yuko kwetu? Yuko, lakini kama mpita njia. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza kumbukumbu za kwanza zilizothibitishwa za papa mweupe kutoka Mauritius, Zanzibar, Kenya na Madagaska, Bukini ya wazee wetu. Na si ajabu, kwani ni msafiri mkubwa. Hapana nahodha wa jahazi ambaye angedharau safari ya jike mmoja aliyefungwa chombo cha kumfuatia huko Gansbaai, Afrika Kusini, Novemba 2003. Wataalamu walimwita Nicole. Kwa siku 99 alivuka Bahari ya Hindi mpaka magharibi ya Australia, zaidi ya kilomita 11,000. Na mwezi wa Agosti 2004 alionekana tena Gansbaai. Hakuwa na dira wala nahodha.

Mnyama huyu mkubwa ana unyonge wake. Hakawii kuuawa, bali hukawia kuzaliana. Wataalamu waliosoma mistari ya pingili za mgongo wake, mfano wa kusoma duara za mti, walikadiria kwamba aweza kuishi miaka 70 au zaidi, na kwamba jike hafikii kuzaa mpaka apate miaka 30 na zaidi. Anayemwua jike wa miaka 20 amemwua kabla hajaacha mtoto hata mmoja. Afrika Kusini ilitangulia nchi zote kumlinda kwa sheria, mwaka 1991, na mwaka 2004 mataifa yakakubaliana kuiwekea mipaka biashara ya meno, mataya na mapezi yake. Hata hivyo nyavu na ndoana zinaendelea kumpata. Naye ana amwogopaye: kuanzia mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilitupwa na mawimbi ufuoni Gansbaai, maini yametolewa, ikajulikana kwamba waliofanya hivyo ni nyangumi wauaji. Papa walio hai wakapahama mahali walipokuwa wakionekana kila mwaka. Kumbe mwenye kutisha naye hutishwa!

Basi, baada ya kusikia pande zote, hukumu ni ipi? Kwa mwaka mmoja watu waumwao na papa wa aina zote bila kuwachokoza, duniani kote, ni kiasi cha 60 au 70, na wafao mara nyingi hawazidi 10. Ama watu wenyewe, wanakisiwa kuwaua papa wa kila namna karibu milioni 100 kwa mwaka. Na sasa sikilizeni hesabu ya tatu, enyi wazazi, kwani hii ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Hao hawakufa kwa meno. Walikufa kisimani, mtoni, katika dimbwi nyuma ya nyumba, katika maji mafupi ya ufuo ambayo mama aliyaona si kitu, kwa kuwa papa hafiki hapo.

Hili ndilo kosa la kumfanya bawabu kadhi. Anatazama mlango mmoja, ule wenye hadithi kubwa, na mlango wa pili unabaki wazi. Mtoto amefundishwa kumwogopa papa ambaye huenda asimwone maisha yake yote, na hakufundishwa kuogelea. Kisima hakikufunikwa, na ndoo kubwa ya maji imeachwa uani na mtoto anatambaa.

Nyinyi vijana, msije mkadhani tumewahimiza kufanya ushujaa wa kipumbavu. Wazee walisema, kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Rodney Fox hakurudi majini kifua wazi. Alirudi na kizimba. Aliisikiliza hofu yake, akaipa kazi yake ya kulinda mlango, kisha akaenda mwenyewe kuuliza. Fanyeni vivyo hivyo kwa kila mnachokiogopa, kiwe mnyama, kiwe mtihani, awe jirani msiyeijua lugha yake. Jengeni kizimba kwanza, kisha sogeeni mtazame.

Na nyinyi wazazi, usiku wa leo watoto wakitaka hadithi ya papa, wasimulieni. Msiwaondolee hofu yote, maana bahari ni bahari. Lakini kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, mshikeni mtoto mkono, mteremke naye ufuoni maji yakiwa yamejaa na kutulia, mkamfundishe kuelea.

Wassalaam.